Dakika Kumi na Moja

Katika hadithi ninayowasimulia watu, kuna panya.

Ni panya mkubwa, na kila mwaka anaongezeka. Siku aliyozaliwa alikuwa kama ngumi ya mtoto. Baada ya miaka miwili mitatu akawa kama paka. Mwezi uliopita, mjukuu wangu aliponiomba nimsimulie "ile ya babu na mashine", panya alikuwa na ndevu, amekaa kitako juu ya seva, anatafuna waya kama mtu anayetafuna muwa huku akinitazama kwa dharau. Nilimkimbiza siku tatu bila kula. Mwishowe nikamkamata mkia, nikaunga waya kwa meno, na hospitali nzima ikapata uhai. Mjukuu alipiga makofi. Mke wangu, aliyekuwa akikunja nguo, aliuliza bila kuinua uso, "Safari hii hakukuuma mguu?"

Hakukuwa na panya. Kulikuwa na mwanamke mmoja, na panya nilimleta baadaye ili akae mahali pake.

Asilimia themanini. Hapo ndipo mstari wa kijani unaoonyesha kazi imefika wapi uliposimama kwenye kioo cha kompyuta, Jumamosi asubuhi, miaka tisa iliyopita, katika chumba cha chini kabisa cha hospitali, kati ya dobi na stoo ya vitanda vibovu. Tulikiita chumba cha baridi, maana mashine zikipata joto huzimia. Shida ni kwamba hospitali ilikuwa na chumba kingine cha baridi, na mara mbili wabeba machela walitugongea wakiwa na mzigo wao umefunikwa shuka. "Si hapa," niliwaambia. "Wetu bado wanapumua."

Mle ndani mlikuwa na kompyuta nne kubwa, na ndani ya hizo nne zilikaa nyingine sitini ambazo huwezi kuzishika kwa mkono: ya maabara, ya duka la dawa, ya wodi ya wazazi, ya mapokezi. Mashine pepe. Mimi niliyejifunza kazi kwa kufungua redio za watu na kuzirudisha skrubu zikiwa zimebaki mezani, niliwaeleza wageni hivi: zile nne ni nyumba, zile sitini ni wapangaji, na juu yao yuko mmoja, seva mama, anayejua kila mpangaji analala wapi na anayeshika funguo zote. Seva mama akizimia, wapangaji wanaendelea na maisha yao. Ila nyumba moja ikiungua, hakuna wa kuwahamisha.

Siku ile tulikuwa tunamsasisha seva mama. Unamjenga mpya kando ya yule wa zamani, unamhamishia kumbukumbu zote, kisha wa zamani anazimwa na mpya anachukua jina lake. Aliyebonyeza kitufe alikuwa Kimya.

Tulimwita hivyo kwa sababu hakupoteza neno. Alikuwa karani wa maabara, mwajiriwa wa kudumu, na nyuma yake kulikuwa na mama mgonjwa na wadogo zake wawili shuleni. Mimi ndiye niliyemng'oa kule. Nilimkuta siku moja ameitengeneza printa iliyowashinda mafundi wawili, nikamwambia, "Njoo kwangu nikufundishe, usije ukaozea kwenye makaratasi." Akaiacha kazi yake ya kudumu, akaja kwangu kwa miezi sita ya majaribio. Mitano ilikuwa imepita. Aliniita Mwalimu. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo. Hospitali nzima iliniita Fundi Barafu.

"Mwalimu, imesimama."

"Ipe muda, binti. Hata mimba ni miezi tisa."

Hakucheka. Tulingoja nusu saa. Mstari ulikaa palepale kama mjusi ukutani. Tukaanza upya, ukafika themanini, ukakaa. Akakagua majina na anwani, nafasi ya kuhifadhia, nenosiri, vyote safi. Tulipotaka kumwamsha mama wa zamani, tukakuta kufuli za nyumba zimeshabadilishwa nusu. Akawa kama mke aliyeachwa, jina analo lakini mlango haumfungukii. Na kwa kuwa balaa halitembei peke yake, mchana nyumba moja ikaanguka kweli, ile aliyolala mpangaji wa maabara. Tangu hapo majibu ya damu yalibebwa kwa mkono, wauguzi wakipanda na kushuka ngazi huku wameshika vikaratasi na kutulaani kwa majina yetu yote.

Kimya alikaa akisoma kumbukumbu za mashine mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo.

"Hapa," alisema. "Nyumba zinamkataa mama mpya. Kila akibisha anaonyesha pasi, na zinamjibu kwamba hiyo pasi ni ya saa ambayo bado haijafika."

"Haijafika?"

"Ni kama mtu aje na cheti cha kuzaliwa kinachosema atazaliwa kesho."

 Nilijua. Pale pale, kabla hajamaliza kusema.

Miaka mitatu kabla ya siku ile, meneja wetu alileta langoni mashine ya dole gumba. Saa mbili kamili asubuhi uwe umebonyeza, la sivyo umechelewa, na jina lako linasomwa mbele za watu. Lakini mashine ile nayo ilikuwa mpangaji wangu; saa yake iliipata kutoka kwenye zile nyumba nne. Nami nina udhaifu mmoja, chai ya asubuhi, isiyotaka haraka. Nilipima. Kikombe kimoja, bila kujiunguza ulimi, dakika kumi na moja. Basi nikazikata zile nyumba na saa ya kweli ya mtandaoni, nikazirudisha nyuma kwa mkono, dakika kumi na moja barabara. Kesho yake nilifika saa mbili na dakika kumi, na mashine ikanipokea kama bwana harusi. Hospitali nzima ilifaidi bila kujua. "Mashine hii ina huruma kuliko meneja," muuguzi mmoja alisema, nami nikainama kufunga kamba za viatu ili asione ninavyocheka.

Mama wa zamani naye alichukua saa kutoka kwenye nyumba zilezile, kwa hiyo waongo walipatana. Huyu mpya alilelewa vizuri: kabla ya kufanya lolote, aliuliza saa ya kweli.

Neno moja tu lingetosha. "Binti, nimekumbuka kitu." Nilikuwa na mwaka mmoja kabla ya kustaafu, na jina la fundi asiyeshindwa, na nilikuwa nasikia vile watakavyocheka korido nzima. Nikasema, "Itakuwa nyaya. Zikague zote."

Jumapili alizikagua. Nyaya zote, mmoja mmoja, amepiga magoti kwenye sakafu ya baridi, anachomoa, anafuta, anachomeka, huku mimi nimekaa kitini nikimsimulia jinsi nilivyowahi kutengeneza redio ndani ya kisima, maji yamefika shingoni na chura ananishikia tochi. Alicheka. Mara moja tu, akiwa chini ya kabati, mkono umejaa vumbi. Kicheko kile ninakisikia hadi leo nikiwa nanyoa ndevu.

Mle chumbani tulikuwa na daftari kubwa, na sheria yake niliitunga mimi. Kila hitilafu ina ukurasa wake: tatizo, lililofanyika, sababu, jina, tarehe na saa. "Mashine husahau," nilimfundisha siku yake ya kwanza. "Karatasi haisahau." Jumatatu asubuhi, kabla ya kikao, aliliweka daftari mbele yangu. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, umesimama wima.

"Mwalimu, saa ya nyumba zote iko nyuma dakika kumi na moja. Iliwekwa kwa mkono. Mimi sijaigusa."

"Naona mstari wa sababu umeuacha wazi."

"Nimeuacha." Kisha akasema, "Watoto waliozaliwa hapa miaka mitatu hii, Mwalimu. Saa walizoandikiwa si zao. Na waliofariki."

Naapa sikuwa nimewahi kuliwaza hilo. Nilikuwa nimewaza chai.

"Tutaongea baada ya kikao," nikasema.

Meneja tulimwita Ripoti, kwa sababu hata ukipiga chafya alitaka iandikwe. Alitukalisha mbele ya meza yake, mimi na Kimya, akauliza swali moja.

"Nani alibonyeza?"

Kimya alinitazama. Hakunisihi. Alinitazama kama mtu anayekushikilia mlango kwa sababu mikono yako imejaa.

"Ni yeye," nikasema. Na hilo lilikuwa kweli. Lakini nikaongeza, "Vijana wana haraka, mkuu. Nilimwambia asubiri."

Hakuna aliyeniomba niseme ile ya pili. Niliiongeza tu, kama ninavyomwongezea panya ndevu.

"Una la kusema?" Ripoti alimuuliza.

"Muulizeni mzee," alisema.

Mzee. Hakusema Mwalimu. Na hakuna aliyeniuliza.

Mchana ule, nikiwa peke yangu, niliuchana ukurasa wa Kimya kutoka kwenye daftari, nikarudisha saa mahali pake, nikaanza sasisho upya. Lilipita themanini kama mbuzi anavyopita lango lililo wazi. Maabara ikaamka. Ripoti alishuka mwenyewe hadi chumba cha baridi kunishika mkono. Kesho yake mashine ya dole gumba iliandika nusu ya hospitali kuwa wamechelewa, mimi nikiwamo. "Sasisho hili lina roho mbaya," muuguzi yuleyule alilalamika.

Kimya alimaliza mwezi wake wa sita, na barua ya kuthibitishwa haikuja. Kule maabara nafasi yake ilikuwa imeshapata mtu. Aliondoka siku ya Ijumaa na mkoba wake na kikombe chake. Ile bisibisi niliyompa siku ya kwanza niliikuta juu ya kiti changu, imefutwa safi.

Kwenye sherehe ya kuniaga, Ripoti alisimulia jinsi nilivyomfufua seva mama kwa mikono yangu mitupu. Mtu kutoka nyuma akapaza sauti, "Kwani ilikuwa nini, Fundi?" Kinywa changu kikajibu kabla yangu: "Panya!" Ukumbi ukaangua kicheko. Hivyo ndivyo alivyozaliwa. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa dakika kumi na moja, na nimeitembea miaka tisa.

Sasa, mwezi uliopita, makofi yalipokwisha, mjukuu aliuliza, "Babu, mlikuwa wawili tu, wewe na panya?"

"Wawili tu."

"Na yule binti?" mke wangu akasema, bado anakunja nguo. "Yule aliyekuwa akija kula hapa Jumapili. Hakuwapo?"

 Niliingia chumbani, nikavuta sanduku kutoka uvunguni. Ukurasa ulikuwapo, umekunjwa mara nne. Sijui kwa nini sikuwahi kuuchoma. Labda kwa sababu nilikuwa nimemfundisha mtu kwamba karatasi haisahau.

Kumpata hakukuwa kazi. Yeye ndiye mkuu wa chumba cha mashine katika chuo kimoja upande wa pili wa mji. Kwenye simu alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Njoo Alhamisi, saa nne." Nilifika saa tatu na nusu, nikakaa kwenye benchi la korido kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Chai sikuwa nimekunywa.

"Karibu, mzee," alisema. Alikuwa amevaa miwani sasa. Kupitia kioo nyuma yake nikaona makabati yake, taa ndogo za kijani, nyaya zimefungwa kwa mpangilio ambao mimi sikuwahi kuufikia. Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima. Ikanitoka yote. Nikaufungua ukurasa, nikauweka mezani.

Aliusoma pole pole, kama anavyosoma mtu kazi ya mwingine.

"Sababu bado iko wazi," alisema, akanisogezea kalamu.

Mimi ninayeweza kumkuza panya mpaka awe na ndevu, nilikaa muda mrefu juu ya mstari ule mmoja. Hatimaye niliandika: *Nilirudisha saa nyuma kwa mkono ili nimalize chai. Nilijua tangu Jumamosi. Hakuna aliyeambiwa asubiri.* Nikaandika jina langu, lote, si Fundi Barafu.

Aliusoma tena. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe.

"Tarehe," alisema. "Na saa."

Nikaandika tarehe. Nikainua mkono kutazama saa yangu, kisha nikaushusha.

"Hapa kwako ni saa ngapi?"

Aligeuka akatazama ukutani.

"Saa nne na dakika sita."

Nikaandika kama alivyosema.