Kiwanda Hakuna

Mwezi wa tatu simu ililia karakanani, nikaipokea mimi mwenye mdomo. Alikuwa kijana wa wizarani, mwenye adabu zake.

"Mama, hapo Caaguazú mna kiwanda cha mipini ya majembe na nyundo?"

"Kiwanda?" nikacheka. "Mwanangu, sisi tuna karakana tu. Baba yangu, mashine mbili za kukereza, na mafundi watano chini ya bati."

"Kwa hiyo kiwanda hakuna?"

"Hakuna, bwana. Tutakitoa wapi?"

Akashukuru. Nami nikajiona najua kweli kuzungumza na wakubwa.

Septemba kitabu chao kikatoka, cha uagizaji wa vipuri vya zana za mkono na matarajio ya miaka mitano. Mipini ya mbao, watengenezaji wa ndani: hakuna. Ushuru uondolewe. Ukaondolewa kabla ya Krismasi, na majembe yakaanza kuingia nchini na mipini yake, kwa bei ambayo baba hapati hata gogo la mti wa guatambú.

"Msiniletee tena," akasema Ña Obdulia, mwenye duka aliyekuwa akinunua nusu ya kazi yetu. "Mnisamehe, jamani."

Nikapanda basi hadi wizarani, Asunción, na mipini sita. Yule kijana akaushika mmoja, akaupima mkononi kama anayetaka kwenda kulima.

"Mzuri kweli, mama. Lakini kitabu kinaandikwa upya baada ya miaka mitano."

"Basi leo nasema kiwanda kipo!"

"Leo siulizi, mama."

Hakunikejeli. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu, maana angenitukana ningejua pa kumshika. Nikamwachia mpini mmoja, sijui hata kwa nini.

Njia nzima nilijiapiza kwamba nikifika nitamwambia baba ukweli. Nilimkuta anakunywa tereré, chai yetu ya baridi, kwa pembe ya ng'ombe mbele ya mashine zilizozimwa. Mafundi alikuwa ameshaagana nao.

"Wamesemaje?"

"Kitabu hakibadilishwi."

Akavuta mrija mpaka ukakoroma, akaijaza pembe maji ya barafu, akanipa.

"Watu gani hawa, Nidia? Miaka arobaini nakereza hapa. Si wangepiga hata simu moja tu wakauliza? Wewe si ungewaambia?"

"Ningewaambia, baba," nikasema, nikainama kunywa.