Milioni Moja na Laki Nane

Kufika kaya ya kumi na mbili, Leticia alikuwa amechoka kudanganywa. Heri basi wangedanganya kila mtu kwa namna yake. Lakini wote, kuanzia mwenye trekta mpaka bibi anayeuza karanga, walimpa jibu lile lile: kwa mwaka tunapata milioni moja na laki nane. Ukiuliza imetokana na nini, wanasema mpunga. Ukiuliza magunia mangapi, wanasema Mungu ndiye anajua.

Alikuwa mdadisi wa takwimu kutoka Mpanda, ametumwa kijiji kimoja upande wa Usevya kuzihoji tena kaya arobaini na moja alizozihoji yeye mwenyewe miaka mitano nyuma. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Unazipanga kaya kwa kipato, kuanzia ya chini kabisa, unahesabu mpaka ya ishirini na moja. Hiyo ya katikati ndiyo inayosema kijiji kimepanda au kimeshuka. Sasa wote wakisema kitu kimoja, unapanga nini hapo?

Halafu kuna Gelasius, msimamizi wake. Mwezi uliopita alimfukuza mdadisi aliyekaa gesti akajaza majibu ya kichwani. Akiona kaya zote zina kiasi kimoja, atasema Leticia naye amepika takwimu, na kazi ndiyo imeishia hapo.

Akamfuata mwenyekiti wa kijiji, mzee Ponsian, kwenye mashine ya kukoboa, vumbi la pumba limemjaa mpaka kwenye kope. Mzee alimweleza kwa upole kwamba walikaa kikao, wakakubaliana. Mmoja alitaka milioni mbili, wenzake wakaona huko ni kujitafutia kodi, ndipo wakashuka kidogo. Muhtasari upo, umegongwa mhuri. Mhuri jamani! Watu wazima na akili zao wamepigia kura kipato. Leticia alipouliza kwa nini, mzee aligeukia gunia lake akasema ni kwa ajili ya amani ya kijiji.

Nyie mtanimaliza, Leticia alimwambia, akaondoka bila kuaga.

Kaya ya kumi na tatu ilikuwa ya Theopista. Nyumba aliikumbuka, ila ua ulikuwa umelala upande mmoja na kihenge kilikuwa kitupu kabisa. Theopista alimpa kigoda, na kabla hajaulizwa lolote akasema milioni moja na laki nane.

Uzalendo ukamshinda. Leticia aliweka kishikwambi mapajani, akamwambia mama Denis, shamba umekodisha, kihenge hakina hata punje, hiyo milioni umeifukia wapi? Na baba Denis mwenyewe yuko wapi, mbona simwoni?

Theopista alifuta mikono kwenye khanga taratibu.

"Kwani dada hujui? Si ile orodha uliyomwachia mwenyekiti."

Leticia alikumbuka. Mwaka ule alikuwa mgeni kazini. Alikuwa amewaapia watu kwamba majibu yao ni siri, kisha akamwachia mzee Ponsian nakala ahakiki majina, akapanda bodaboda akaondoka. Sasa hapo kijijini karatasi yoyote ya serikali husomwa mkutanoni, mtu asije akasema wamefichwa. Yaliyofuata Theopista ndiye aliyemsimulia: mzee akaisoma yote, majina na pesa, kuanzia wa chini. Aliyetangulia kusomwa alikuwa Evodi, mume wa Theopista. Kilabuni wakaanza kumwita Namba Moja. Alivumilia msimu mmoja, wa pili akaenda Karema, ziwani, kuvua dagaa. Hajarudi, wala hajapiga simu.

Ndiyo maana walikaa kikao, Theopista alisema. Mzee Ponsian mwenyewe ndiye aliyelileta wazo hilo, kichwa kimeinama. Hawakutaka kijiji kiwe na wa chini tena.

Hasira yote aliyoibeba tangu asubuhi ilimgeukia mwenyewe. Leticia aliona aibu, aibu kweli. Alitaka kuomba msamaha, Theopista akamtangulia.

"Laki mbili na sitini," Theopista akasema. "Hiyo ndiyo ya kweli. Andika, ila usimwachie mtu karatasi."

Akaandika. Swali lililofuata lilihusu mkuu wa kaya aliyeondoka. Sababu: kazi, masomo, ndoa, ugonjwa, au nyingine, eleza. Angeweza kubonyeza kazi, akapita. Hata usingekuwa uongo sana, dagaa nayo ni kazi. Maelezo ya "nyingine" Gelasius huyasoma yote, neno kwa neno.

Alibonyeza nyingine.

"Niandike nini, mama Denis?"

"Andika alisomwa hadharani."

Leticia akaandika: alisomwa hadharani, kutoka kwenye orodha iliyoachwa na mdadisi. Akaongeza jina lake mwenyewe, la kwanza na la baba yake, akatuma.