Viti vya Kuazima

Mgeni hakalishwi juu ya ndoo. Hilo Mama Pasi alilelewa nalo, akaolewa nalo, na mume wake alipofariki akabaki nalo, ingawa viti vyenyewe havikubaki. Viti viliuzwa kimoja kimoja wakati marehemu anaugua, mpaka chumba kikabaki na kitanda, mkeka, benchi la kupigia pasi, na wifi.

Wifi huyo alikuwa dada mkubwa wa marehemu, mwembamba, mwenye ulimi usiojua likizo. Alikuja kumzika mdogo wake na hakurudi tena kwake, kwa kuwa hakukuwa na kwake. Mama Pasi alimtandikia upande wa ukutani, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ataondoka lini.

Wifi alikuwa na ugonjwa wa sukari. Dawa yake ya sindano waliihifadhi ndani ya mtungi wenye mchanga uliolowanishwa maji, nyuma ya mlango, maana friji waliiona kwa watu tu. Shida haikuwa mtungi, shida ilikuwa cha kutia ndani yake. Pasi ya mkaa iliwapa chakula na kodi ya chumba. Dawa ilingoja kitakachobaki, na mara nyingi hakikubaki kitu. Basi wifi akawa anajidunga leo, kesho anaruka. Kidonda kikamtoka mguuni, kikakaa kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Daktari alikitazama, akasema bila kuzunguka, "Mama, ukiendelea kuruka dawa, mguu huu tutaukata."

"Ukikatwa," wifi alisema walipokuwa wakirudi, "nitavaa kiatu kimoja. Kingine nakurithisha wewe."

Mama Pasi hakucheka. Usiku ule alipopiga magoti hakuomba mambo mengi. Aliomba mguu.

Haukupita muda, mwenyekiti wa mtaa akapita nyumba hadi nyumba na habari. Bima ya afya imefika. Mwenye uwezo atajilipia mwenyewe. Mwenye uwezo mdogo, serikali itamlipia nusu. Asiye na uwezo, serikali itamlipia yote, na hospitalini ataonyesha kadi tu. "Lakini haitolewi kwa maneno," mwenyekiti alisema. "Atakuja mtu wa ofisi ya ustawi wa jamii, ataingia kila nyumba, ataangalia mnavyoishi."

Katika maneno yote hayo, Mama Pasi alishika moja tu: mgeni anakuja.

Asubuhi ya siku ya ugeni hakuwasha pasi. Alikwenda kwa dereva wa lori, jirani wa ukuta kwa ukuta, akaazima viti vya sofa. Dereva na mwanawe walivibeba kichwani mpaka ndani. Alikwenda kwa kinyozi, anayenyolea nyumbani kwake, naye akaichomoa televisheni ukutani, wateja wakabaki wanatazamana na vioo. Mke wa mwalimu mstaafu alitoa pazia na saa ya ukutani. Glasi zilitoka kwa muuza mkaa, ambaye alizifuta mara mbili na bado zikaacha weusi vidoleni.

Wifi alikuwa kitandani akitazama vitu vinavyoingia.

"Wifi, unaolewa?"

"Sogeza mguu, kiti kipite."

"Kama ni posa ungeniambia mapema, ningechana nywele."

"Ni mtu wa serikali. Unataka akae wapi, mapajani mwako?"

"Basi niazime na mimi lile gauni la mke wa daktari." Wifi alinyoosha kidole kwenye kamba, ambako nguo za wateja zilining'inia zimenyooka, suti mbili, magauni ya sherehe, mashati meupe.

"Nguo ya mteja haivaliwi, hata kwa mzaha," Mama Pasi alisema, na hapo hakuwa na utani. Kisha akauinua mtungi wa dawa, akautoa nje kwenye kivuli. "Huu nao ukae huku. Mtungi wa mchanga chumbani! Mgeni atadhani tunafuga konokono."

Mgeni alikuwa binti mdogo tu, jasho likimtoka, viatu vyekundu kwa vumbi, kishikwambi kifuani. Alipokaa kwenye sofa alizama, akashusha pumzi. Mama Pasi alimpa maji kwa mikono miwili, na moyo wake ukatulia: huyu amepokelewa.

Binti aliuliza wanaolala humo ni wangapi, wanaokula chungu kimoja ni akina nani, kazi ni nini. Kila macho yake yalipokwenda, kidole chake kiligusa kioo. Viti. Pazia. Saa.

"Televisheni mnayo?"

"Ile pale, mwanangu."

Akatazama kamba ya nguo, akatabasamu. "Na mnapendeza, Mungu awazidishie."

Hapo Mama Pasi alizitazama zile nguo za wateja. Alijua anapaswa kusema. Lakini mgeni alikuwa ameshika glasi, anakunywa, na utamwambiaje mtu anayekunywa maji kwako kwamba hata glasi aliyoshika si yako? Akanyamaza. Binti akashukuru, akaenda.

Jioni hiyo kila kitu kilirudishwa kwa mwenyewe. Pazia alilifua, akalipiga pasi mpaka mke wa mwalimu akasema halijawahi kuwa hivyo tangu linunuliwe.

"Hukusema uongo, wifi," dada wa marehemu alisema wakiwa wamelala. "Viti ndivyo vilivyosema. Wewe uliviachia tu viendelee kusema."

Mama Pasi aligeukia ukuta.

Majina yalisomwa hadharani, katika ukumbi wa mtaa, ili mwenye neno aseme mbele ya wote. Mama Pasi alikaa safu ya nyuma, wifi pembeni yake amenyoosha mguu uliofungwa kitambaa. Binti wa ustawi alisoma kwanza wale watakaolipiwa yote. Mama Pasi alisikiliza kila jina kama anayesikiliza hatua za mtu wake njiani. Jina lake halikuja, ila kinyozi alikuwemo, na watu walipiga makofi. Zikasomwa nyumba za nusu. Alikuwemo dereva wa lori. Lake halikuja.

Likaja mwisho kabisa, katika watakaojilipia wenyewe, kati ya mwenye mashine ya kusaga na mwenye nyumba za kupanga.

Ukumbi ulicheka, wakidhani ni mzaha. Mama Pasi hakusikia kicheko. Alikuwa anautazama ule mguu.

Kisha, polepole, akaelewa na jambo la pili, nalo lilikuwa zito kuliko la kwanza. Binti alizunguka mtaa mzima siku ile ile. Alipoingia kwa dereva, sofa lilikuwa kwa Mama Pasi. Alipoingia kwa kinyozi, ukuta ulikuwa mtupu, kwa sababu televisheni ilikuwa kwa Mama Pasi. Majirani waliomsitiri wamepata nafuu kwa vitu vile vile vilivyomkosesha yeye. Akisema ukweli wake, anawavua wao.

"Simama," wifi alimnong'oneza.

"Siwezi."

"Huwezi kusimama? Miguu yako yote miwili mizima."

Lilimwingia hilo. Akasimama. Watu wakageuka.

"Mwanangu," alimwambia binti wa ustawi, "viti ulivyokalia kwangu si vyangu. Televisheni si yangu. Pazia, saa, glasi, hakuna changu. Niliazima vyote nikupokee. Na zile nguo ni za wateja, mimi ni mpiga pasi. Kosa ni langu. Niliona aibu."

Binti alishusha kishikwambi. "Mama, uliazima kwa nani?"

Mama Pasi alitikisa kichwa. "Hilo siwezi kusema."

"Bila hilo siwezi kubadilisha. Kesho kila mtu atasema ameazima, hata mwenye mashine ya kusaga ataniambia mashine ni ya shangazi yake."

Watu wakacheka tena. Mwenye mashine akasema hana shangazi. Mama Pasi alibaki amesimama. Aliona heri abebe mzigo wake kuliko kuwauza watu walioubeba naye. Lakini mzigo wenyewe ulikuwa umekaa pembeni yake, umefungwa kitambaa, na hakujua atauambia nini.

Ndipo benchi la mbele likalia. Dereva wa lori alikuwa anainuka, na mkewe amemshika shati kwa nyuma.

"Kaa chini, baba watoto."

"Niache, mama. Viti ni vyangu!" Alisema kwa sauti ya kuitia watu barabarani. "Vya kahawia, kimoja kina tundu nililoliziba kwa gundi ya tairi. Dada, hukulikalia?"

Binti akajishika sketi nyuma bila kutaka. "Nililikalia."

"Basi ni changu. Mimi nina mshahara. Niliposikia nimelipiwa nusu nilishangaa, nikasema Mungu ana njia zake. Kumbe njia yenyewe ni sofa langu! Niondoe huko, uniweke ninakostahili. Nitajilipia. Yule mama akifiwa na wifi yake, mimi nitakalia vile viti nikiwaza nini?"

Mkewe aliliachia shati, akainama, kisha akasema kwa hasira ya mtu aliyekwisha kukubali, "Na vitambaa vya juu ya viti ni vyangu mimi. Nilivifuma kwa mkono. Viandike."

Kinyozi alisimama akiwa bado na kitana mfukoni. "Televisheni ni yangu, ya kazini. Wateja wananinung'unikia mpaka leo, mpira uliwapita. Nishushe daraja, dada, mimi si wa kulipiwa yote."

"Pazia langu!" aliita mke wa mwalimu. "Tena lilirudi limenyooka."

Muuza mkaa alisema glasi ni zake, kama yuko mwenye shaka aangalie vidole vya binti wa ustawi. Na kweli binti alivitazama.

Mama Pasi alikaa. Alilia bila sauti, na wifi akampa ncha ya khanga yake ajifutie, akisema, "Usiichafue, utaipiga pasi mwenyewe."

Binti wa ustawi alingoja ukumbi utulie. "Nitarudi kwenye nyumba zote," alisema. "Na safari hii, mama, tafadhali, usiazime hata sindano."

Aliporudi alikuta chumba kama kilivyo. Mama Pasi alikuwa amehangaika tangu alfajiri, maana mambo ya kumweka mgeni juu ya ndoo yalikuwa bado hayajamtoka. Mwishowe alifuta benchi lake la kazi, akatandika juu yake shuka safi, akalipitishia pasi pale pale.

"Kaa, mwanangu. Hili ni langu."

Binti akakaa. "Kina joto kiti hiki."

"Ndicho kinachotulisha," Mama Pasi alisema.

Alimwonyesha mtungi, akaupapasa mchanga, akatoa kichupa cha dawa kilichobaki na tone chini. Wifi alifungua kitambaa mguuni. Binti alitazama, na kidole chake kikasita juu ya kioo.

"Mume wako alishafariki," alisema kwa upole. "Huyu wifi bado ni wa nyumba hii? Naulizwa hapa, kaya ni akina nani."

"Tunakula chungu kimoja."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipobaki wawili. Mume wangu tulimzika, mwanangu. Uwifi hatukuuzika."

"Na hata ungezikwa," wifi alidakia, "ningefukua, maana sina pengine pa kula."

Binti alicheka mpaka akafuta jicho, akagusa kioo mara ya mwisho.

Kadi zilikuja mbili. Mama Pasi alizipokea kwa mikono miwili, kama alivyowahi kutoa yale maji. Hospitalini hawakuulizwa kitu zaidi ya kadi, wakarudi na dawa ya kujaza mtungi, na wifi akawa haruki siku tena. Kidonda kilipunguza ukali, kikakauka pembeni, kikaziba. Daktari alikitazama, akasema wamshukuru Mungu. Mama Pasi alijibu kwamba wameshaanza, na foleni ni ndefu.

Kwa maana kila usiku katika maombi yake aliwataja wote. Alimtaja dereva, aliyekuwa sasa analipa bima yake yote, na mkewe, ambaye kwa wiki mbili hakumsalimia Mama Pasi na wiki ya tatu akamletea mashati ya mumewe. Mama Pasi alikataa malipo, mke akakataa kuyachukua bila kulipa, wakagombana mlangoni mpaka wakapatana. Alimtaja kinyozi, na mke wa mwalimu, na muuza mkaa, na yule binti mwenye viatu vya vumbi, aombewe njia isiyochosha. Aliomba na msamaha, kwamba alimheshimu mgeni kwa vitu vya watu wakati mgeni alikuja kutafuta ukweli.

"Na mimi je?" wifi aliuliza gizani.

"Wewe wa mwisho. Ulimi wako unachelewesha amina."

Siku moja, baada ya chakula, wifi aliomba viatu vyake. Alivaa cha kwanza, akavaa na cha pili taratibu, akasimama. Mama Pasi aliweka pasi pembeni, akamtazama akitoka, akipita ukuta, akibisha kwa dereva.

"Hodi! Nimekuja kukaa kwenye viti vyetu."

"Karibu, shangazi," dereva alijibu toka ndani. "Kaa kile chenye tundu, ndicho kinachokujua."