Koti la Jenerali

Mama yangu, Bi Khole, ana miaka themanini na nne, na kinyongo alichokibeba miaka sabini. Kila Alhamisi, nyumbani kwetu Qurum, Maskati, husoma Yasini na kuwarehemu wafu wake kwa majina, mpaka majirani wa zamani wa bara, kule Afrika. Jina la baba yake hakuwahi kulitaja.

Sababu tuliijua sote. Babu Khattab alikuwa mtumishi wa Jenerali Harcombe, aliyepoteza mkono wa kulia vitani, kisha akaletwa Afrika Mashariki awe gavana. Sijui nani aliwadanganya wakubwa zake kwamba anayejua kuamrisha kikosi anajua kutawala watu. Kila asubuhi babu alimvisha koti na kumfunga vifungo tisa vya shaba. Halafu ukazuka mgomo wa reli, askari akauawa, na Murshid, kaka yake mama, akahukumiwa kunyongwa. Gavana peke yake ndiye aliyeweza kumsamehe, na hakumsamehe. Asubuhi ya kunyongwa, babu alitoka akaenda kazini.

"Mwanawe yuko kitanzini," mama alikuwa akisema, "yeye anamfunga mtu vifungo!"

Familia ilipohamia Maskati, mama alikataa kumpokea. Mzee alikuja kila Ijumaa, akakaa garini nje ya geti mpaka alasiri, na mimi nikakatazwa kutoka. Alipofariki, mama hakwenda matangani.

Mwaka huu wajukuu wa Jenerali wamechapisha shajara zake. Nilikiagiza kitabu kwa hasira tu, nimwone anavyojisifu. Na alijisifu kweli, kurasa mia tatu za ushindi, farasi na karamu. Kisha nikafika mkesha wa kunyongwa kwa Murshid. Nilikaa karibu na mama nikamsomea kwa Kiswahili.

"Khattab amepiga magoti mara tatu, akiomba anyongwe yeye badala ya kijana. Nimekataa. Akaomba basi apewe maiti akaioshe. Nimemwambia wanaonyongwa huzikwa gerezani, lakini akija kesho kazini kama kawaida, bila chozi, nitampa." Na kesho yake: "Amekuja. Hakuruka hata kifungo kimoja."



"Murshid aliletwa nyumbani adhuhuri," mama akasema. "Baba alimwosha kwa mikono yake. Nilimwona, Aseel. Sikumuuliza kampataje."

Nilimshika mkono, akautoa. Alikuwa anatafuta buibui lake.

"Nipeleke kwake. Nna neno naye."

Niliendesha gari nikijua asichokijua. Sisi wa madhehebu ya Ibadhi hatuandiki majina makaburini. Ni jiwe kichwani na jiwe miguuni, basi. Aliyelijua kaburi la babu ni Mjomba Ishaq peke yake, aliyemzika, naye tulimzika mwaka juzi. Nilimweleza mama njiani.

Makaburini jua lilikuwa kali, na mawe yalienea mpaka chini ya mlima, yote sawasawa. Mama alisimama akiyatazama.

"Lipi, mwanangu?"

"Sijui, mama."

Aliinama kwenye jiwe la kwanza, akaliwekea kiganja.

"Baba, ni miye Khole. Nisamehe."

Akasubiri kidogo. Kisha akajikongoja mpaka la pili.