Bomba la Mpira Kutoka Mtabila

"Nirudishie bomba langu, dada Wini."

"Sikurudishii. Kwanza niambie nini kinachemka jikoni, maana kimenichoma macho tangu mlangoni."

Akimana alinyoosha mkono, Winifrida akaliinua lile bomba la mpira la kusafishia tumbo juu zaidi. Alikuwa muuguzi wa zahanati, jirani wa ukuta kwa ukuta hapa Kasulu, na mrefu kumpita Akimana kichwa kizima. Alikuja kuazima kinu tu.

"Pilipili, sabuni ya mche kidogo, na majani ya dawa aliyotumia mama."

"Unampiga bomba nani? Watoto wako kwa bibi yao."

Akimana akainama kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Mumewe, Tharsisi, alikuwa anarudi jioni hiyo kutoka Mabamba alikopeleka maharage, na walikuwa wamekubaliana kujaribu jambo ambalo hawajawahi, kukutana kwa njia ya nyuma. Wazo lilikuwa la wote wawili, pengine la Akimana zaidi. Hofu yake ilikuwa moja: asije akajichafua mbele ya mumewe, naye akamkumbuka hivyo siku zote. Alipomaliza kuyasema hayo kwa sauti ya chini, Winifrida alikuwa ameshaketi kwenye kigoda, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Mama alitupiga bomba hili hili, kwa dawa hii hii, miaka yote kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila," Akimana alijitetea, "na wote tuko hai."

"Mko hai, ndiyo. Mlikuwa mnalia au mnacheka?"

"Tulikuwa tunalia."

"Basi leo utalia, na Tharsisi atadhani ni raha."

Akimana akauma mdomo asicheke.

"Sikiliza," Winifrida akasema. "Ngozi ya huko ndani ni laini kama ya ndani ya shavu. Ukiitia pilipili na sabuni inachubuka, na ikichubuka magonjwa yanapata mlango, Ukimwi ukiwa wa kwanza. Nenda choo mapema, kisha oga, jisafishe kwa nje. Wengi inawatosha. Ukiona haikutoshi, maji safi ya uvuguvugu, kidogo, matupu, taratibu. Yakishatoka yote, pumzika saa moja au zaidi. Wala usifanye mazoea. Na si kwa bomba hili, limeshapita kwa watoto wako wote na mdomo wake una ufa."

"Na likitokea la kutokea?"

"Hiyo ni njia ya choo, Akimana, si kabati la vyombo. Weka taulo la rangi nzito karibu. Mwanaume aliyebadilisha nepi atazimia kwa hilo?"

"Tharsisi hajawahi kubadilisha nepi."

"Basi amekwepa muda mrefu. Kondomu mnazo?"

"Hatuna. Ila ninayo mawese ya kulainishia."

"Mawese yanapasua kondomu. Na shuka litageuka rangi mpaka mama mkwe wako aulize mmekaanga nini kitandani. Chukueni kilainishi cha maji, duka la dawa la stendi wanacho. Na ukisikia maumivu unasema basi, naye anaacha hapo hapo. Hilo mmekubaliana?"

Akimana akakoroga sufuria ya pilipili.

"Hujamwambia."

"Naona haya."

"Unaona haya kumwambia mumeo, huoni haya kujitia pilipili."

Akimana alichukua sufuria kwa kitambaa, akatoka nayo nyuma ya nyumba na kuimwaga yote kwenye njia ya siafu waliokuwa wakimsumbua tangu masika. Aliporudi alimnyang'anya Winifrida bomba, akalikata vipande viwili kwa kisu cha mboga, akavitupa kwenye takataka. Kisha akafuta mikono kwenye kitenge na kumpigia simu mumewe.

"Baba Ildefonsi, umefika wapi?"

"Ndiyo nashuka hapa stendi."

"Pitia duka la dawa. Chukua kondomu na kilainishi cha maji. Cha maji, si mafuta. Na leo nikikuambia acha, unaacha."

Nyuma ya sauti ya Tharsisi zilisikika honi za stendi.

"Nimesikia, mama. Sasa hicho kilainishi nakitaja kwa sauti, mbele za watu?"

"Kitaje," Akimana akasema, akabandika sufuria safi ya maji ya kuoga.