Sahani Hairudi Tupu

Kila Ijumaa asubuhi wanawake wa Aspronisi hushuka gatini na vikapu vyao vya magurudumu, wakapanda feri kwenda sokoni Incirli, upande wa Uturuki. Kisiwani kwetu nyanya huletwa na meli kubwa kutoka Athene, na hufika zimechoka kuliko abiria. Za Incirli zimechumwa alfajiri. Hatuhitaji sababu nyingine ya kuwapenda majirani zetu, ingawa tunazo.

Evdokia, mjane wa mwoka mikate, alikuwa na mahali pake: benchi la nyuma, upande wa kivuli, sahani mapajani, imefunikwa kitambaa. Ilikuwa sahani nyeupe ya udongo yenye samaki wa buluu aliyebanduka mkia. Kamba zikishafunguliwa, Kapteni Pantelis alitia birika la kahawa kwenye jiko dogo la gesi kando ya usukani. Safari ilitosha kahawa kuchemka, kunywewa taratibu, kikombe kupinduliwa juu ya kisosi, na Evdokia kumsomea kapteni bahati yake kwenye machicha.

"Naona safari," alisema Evdokia, Ijumaa zote.

"Mimi ni kapteni, mama."

"Si unaona basi nisivyokosea?"

Sahani ilianza zamani. Nezahat, aliyeuza vitambaa vya mapazia chini ya turubai karibu na msikiti wa Incirli, alimwona mwanamke wa Kigiriki ameketi ngazini na vikapu vyake, hajala. Akampa majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, akamwambia aende nayo na sahani yake. Ijumaa iliyofuata Evdokia alirudisha sahani na biskuti za ufuta, kwa sababu kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Kumbe kwao pia hairudi tupu. Hapo mambo yakanasa, kwani hakuna aliyeweza kuwa wa mwisho. Watoto wakaoa, waume wakazikwa, sahani ikaendelea kwenda na kurudi, na hatimaye hakuna aliyekumbuka ilikuwa ya nani.

Walizungumza Kigiriki. Bibi yake Nezahat alikuwa mmoja wa Waislamu waliohamishwa kutoka Krete, kisiwa cha Ugiriki, enzi Ugiriki na Uturuki zilipobadilishana watu. Aliwasili na lugha na si kitu kingine. Kigiriki cha Nezahat kilikuwa cha kizamani, kimejaa matusi ya wachunga mbuzi. Evdokia alikipenda kuliko cha redioni.

Jikoni kwa Evdokia, chini ya dirisha, palikuwa na kiti chenye mto mwekundu. Kiliitwa cha Nezahat. Padri alikikalia siku moja alipokuja kubariki nyumba, akaambiwa ainuke.

Nezahat mwenyewe hakuwahi kukikalia. Evdokia alivuka kwa kuonyesha kitambulisho tu, kama mtu anayetoka kwenda uani. Nezahat, kwa kuwa alizaliwa upande ule wa maji, alihitaji viza, na viza iliombwa katika mji wa mbali, mwendo wa basi usiku kucha. Alikwenda. Nyuma ya kioo alikaa kijana mwenye adabu zake.

"Ni kitu gani kitakachokufanya urudi nyumbani, bibi?"

"Kuku wangu."

"Na kingine?"

"Jogoo."

Wakamnyima.

"Wanaogopa utabaki Aspronisi," Evdokia alimwambia Ijumaa hiyo, huku akimenya yai.

"Nibaki nifanye nini?"

"Hilo hata mimi limenishinda. Wanangu wa kuwazaa wamekimbilia Melbourne."

Walicheka, kisha Nezahat akasema polepole kwamba yeye hakutaka Ulaya. Alitaka kukaa jikoni mwa mwenzake mara moja tu, akute kahawa imeshapikwa, asiipike yeye.

Wiki iliyofuata Pantelis alikuwa bado na kikombe mdomoni feri ilipogusa gati la Incirli. Alidhani ni mkondo wa maji. Ijumaa ya pili ikawa vilevile. Akatoka nje, akatazama nyuma, akatazama mbele.

"Kisiwa kimesogea," akasema.

Wanawake wakakusanya vikapu vyao. Mmoja alisema ni heri, maana bahari humchafua tumbo.

Kilikuwa kimesogea kama mtu anavyosogea kwenye benchi ili mwenzake apate pa kukaa. Hakuna hata bilauri iliyoanguka kabatini. Wavuvi walilalamika, lakini wavuvi hulalamika hata samaki wakijaa. Ofisi ya bandari ilibandika tangazo kwamba ramani ni sahihi na wananchi waendelee kuzifuata.

Nezahat aliomba tena. Safari hii alivaa koti zuri na kubeba picha ya kuku. Wakamnyima tena, na kisiwa kikasogea tena. Sasa Pantelis alilazimika kuwasha jiko kabla ya kufungua kamba, na bahati yake ikasomwa gatini, amesimama, abiria wakimpita na vikapu.

"Naona safari," alisema Evdokia. "Fupi."

Msimu wa kukamua zeituni moyo wa Evdokia ulichoka. Daktari anayezungukia visiwa alimwambia alale na ale kidogo kidogo. Kulala alilala. Kula aligoma. Majirani tulimpelekea kila tulichojua kupika. Cha huyu kilizidi chumvi, cha yule hakikuwa na chumvi, na cha mke wa padri alisema wampe padri. Alikula kilichokuja na ile sahani, basi. Pantelis ndiye aliyeibeba sasa, Ijumaa kwa Ijumaa, na kati ya Ijumaa na Ijumaa Evdokia alizidi kukonda. Tuliogopa. Tulikuwa tunampoteza kwa njaa, katika kijiji chenye mikate.

Nezahat alifunga meza yake katikati ya siku ya soko, jambo ambalo hakulifanya hata alipofiwa na mume, akapanda basi.

"Mgonjwa ni nani wako?" aliulizwa kwenye kioo.

"Mwenzangu."

"Ndugu?"

"Hapana."

"Mlijuana vipi?"

"Kwa sahani."

Kijana alitafuta mahali pa kuandika hivyo, hakupaona. Alieleza kwa upole kwamba kuna viza ya haraka kwa wenye wagonjwa, lakini ni kwa ndugu. Wahenga wana msemo wao, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wahenga hao hawakuuza vitambaa Incirli.

Asubuhi Nezahat alipoteremka kwenye basi, kisiwa kilikuwa kimewasili. Kilikuja chote, pamoja na mbuzi na kanisa, na njiani kilikuwa kimejigeuza. Nyumba ya Evdokia, ambayo tangu ijengwe ilitazama mlima, sasa ilitazama gati la Incirli, na dirisha la jikoni likawa mbele kabisa. Baina ya dirisha na gati palibaki maji ya upana ambao paka huruka bila kufikiri. Paka wakawa wanaruka.

Mbele kidogo, pale nafasi ilipopanuka, feri ilikaa imegusa Uturuki kwa nyuma na Ugiriki kwa mbele. Pantelis hakufuta safari. Aliuza tiketi, akasubiri saa yake, akapiga honi, akawasha injini. Abiria walikaa kwenye mabenchi kwa muda wa heshima, kisha akaizima, wakashukia upande wa pili. Kahawa aliacha kupika. Alisema haina maana kunywa kahawa mahali mtu asipokwenda.

Serikali zote mbili hazikuchelewa. Upande wao uliwekwa uzio wenye lango moja, la feri. Upande wetu ulisimamishwa mlingoti wenye kamera, na chini ya kamera akawekwa Stratos, polisi, mtoto wa kwetu. Utotoni alikuwa akila mikate ya Evdokia kabla haijapoa, na alipigwa naye kijiko kwa ajili hiyo.

Evdokia alihamishiwa jikoni, kitanda chake kikawekwa ubavuni mwa kile kiti. Nezahat alileta kigoda, akapita pembeni mwa uzio mahali ambapo kila mtu wa Incirli alipajua, akaketi ukingoni mwa gati. Kwa mara ya kwanza aliliona jiko.

"Mapazia gani hayo?" alisema.

"Si uliniuzia wewe."

"Nilikwambia uyapinde chini. Hukuyapinda."

"Nilikuwa nakusubiri."

Alikuwa amepika tarhana, supu ya ngano na mtindi uliokaushwa juani, ambayo sisi na wao tunaiita kwa jina lilelile na kila upande unadai ni yake. Alichota kwa kijiko, akanyoosha mkono juu ya maji, na Evdokia akafungua mdomo. Mwanamke aliyekuwa amekataa vyakula vya kijiji kizima alifungua mdomo kama kinda.

Stratos alisogea. Alikohoa kwanza.

"Shangazi, samahani. Mkono wako umeingia Ulaya."

"Ukichoka nao utanirudishia," alisema Nezahat, bila kuuondoa.

"Kamera inaona, shangazi. Si mimi. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma."

"Huu wako unakata upande mmoja tu," alisema Evdokia kutoka kitandani. "Mimi miaka yote hii nimekwenda kwake na kurudi, haukunikwaruza hata kidogo. Stratos, ulikuwa mtoto mzuri."

Stratos akawa mwekundu mpaka masikioni. Alikuwa na watoto wa kulisha. Alitazama mlingoti, akatazama bakuli, akasema kwa sauti ya chini kwamba aliisoma sheria yote na inazungumzia watu. Juu ya vijiko haikusema neno.

Kesho yake mfua shaba wa Incirli alimtengenezea Nezahat upawa wenye mpini mrefu kama wa ufagio. Mkono ukabaki Uturuki na supu ikaingia Ugiriki. Ilihitaji mazoezi, na siku ya kwanza nyingi ilikwenda kwa samaki.

"Chumvi imebaki kwenu," alisema Evdokia alipomeza.

"Fungua mdomo, mwanamke, acha siasa."

Alikula. Akapata rangi kidogo mashavuni. Majira ya baridi yote Nezahat alimlisha kwa upawa ule, mvua ikinyesha ameshika mwavuli kwa mkono wa pili. Wakati wa sala ya Ijumaa wanaume walipita nyuma yake kwenda msikitini wakimsalimia. Jumapili upande wetu kengele ililia, na sisi tuliotoka kanisani tulimsalimia pia. Mtu angetazama haraka angedhani ni mji mmoja.

Evdokia alikufa wakati milozi inachanua, siku ya soko, wachuuzi wakifunga maturubai. Nezahat alikuwa amenyoosha upawa, mdomo haukufunguka. Aliushikilia pale hewani muda mrefu kuliko mkono wa mtu wa umri wake unavyoweza.

Kwetu maiti hubusiwa kabla jeneza halijafunikwa. Tulimtoa kupitia mlango wa mbele, na mbele sasa ilikuwa gatini, basi tukamweka chini pale ukingoni, uso wazi, tukabusu mmoja mmoja. Ng'ambo ya maji Nezahat alisimama na koti lake zuri. Padri alimtazama Stratos. Stratos aliitazama kamera. Hakuna aliyesema kitu, na hilo ndilo tunaloonea haya mpaka leo, kwamba tulikuwa wengi na hatukusema kitu.

Nezahat aliubusu upawa. Kisha akaunyoosha juu ya maji, polepole, bila kutikisika kwa sababu alishakuwa na mazoezi, akaugusisha kwenye paji la uso la mwenzake. Akauacha pale kidogo. Stratos alikuwa amevua kofia.

Siku ya arobaini Pantelis alimpelekea sahani ikiwa na ngano ya kuchemsha yenye komamanga na sukari, ile tunayogawa kwa ajili ya maiti. Nezahat alikula yote, akalia, akaiosha sahani. Baada ya hapo kisiwa kilianza kurudi. Hakikuharakisha. Kwanza paka wakashindwa kuruka, halafu feri ikapata pa kwenda, na kufikia wakati wa tini kahawa ya Pantelis ilichemka, ikanywewa, ikaisha, kikombe kikapoa mkononi mwake bila mtu wa kukipindua. Nyumba ya Evdokia ikautazama mlima tena. Ofisi ya bandari iliondoa tangazo lake.

Sahani ilikuwa kwa Nezahat, naye si mtu wa kurudisha sahani tupu. Aliijaza majani ya mzabibu, akampa kapteni.

"Nimpe nani?" aliuliza Pantelis.

"Kwani mimi najua? Ipeleke kwake."

Pantelis alifungua jiko la Evdokia lililofungwa, akaiweka kwenye kiti chenye mto mwekundu, kwa kuwa mezani hapakumjia akilini. Jirani aliiona dirishani. Alikula, kisha akaona haya, akaoka. Wiki iliyofuata ikawa zamu ya nyumba ya pili, na hata mke wa padri alipika, ingawa hatukumwomba. Sahani haijawahi kurudi tupu mpaka sasa.

Masika yaliyofuata Nezahat alipanda basi la usiku. Kijana wa nyuma ya kioo alikuwa mwingine, mwenye adabu zilezile.

"Unakwenda kumtembelea nani, bibi?"

"Kaburi. Na kiti."

"La ndugu?"

Alifikiri kusema ndiyo. Hakuzoea uongo. Wakamnyima.

Ijumaa iliyofuata feri iligusa gati la Incirli Pantelis akiwa na kahawa nusu kikombe. Aliitazama, akaimwaga baharini, akafunga kamba na kwenda kuchukua sahani.