Mama Mkwe Juu ya Chukudu

Mutu akikuita mwongo kwa jambo ulilodanganya, unakohoa kidogo, unabadilisha maneno, maisha yanaendelea. Lakini kuitwa mwongo kwa jambo la kweli, pengine la kweli peke yake ulilowahi kusimulia, tena na shemeji yako, tena mbele ya ukoo mzima kwenye telefone, hiyo ni dharau ya kumfanya mutu akose usingizi mchana.

Sikatai kwamba nina hadithi zangu. Niliendesha malori miaka thelathini na moja, Goma mpaka Bunagana, Goma mpaka Butembo, na njia ndefu inataka maneno. Nimesema nilishuka Kanyabayonga bila breki huku ninasinzia. Nimesema kiboko wa Vitshumbi alinisukumia lori kutoka kwenye matope, nikamlipa mihogo, akadai zaidi. Kwa hizo ukicheka nitacheka na weye. Ile ya mama mkwe ni kitu kingine.

Ilikuwa Januari 2002, siku Nyiragongo ilipopasuka ubavu. Mama Asma, mama yake mke wangu Asumini, alikuwa amepanda mlimani Kibati kununua makabichi ya kuuza Mabanga, mjini Goma. Mimi nilikuwa na lori, lakini wakati ule waasi ndio waliokuwa serikali kwetu, na asubuhi ileile askari wao walilichukua wabebee magodoro yao. Mlima unawaka, watoto wanalia, wao wanapanga magodoro. Mpaka leo nikiona godoro jipya ninakunja uso.

Nikaazima chukudu. Kama hujawahi kuiona, ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali wala kiti: magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira wa gari, ubao mrefu, na usukani mpana kama pembe za ng'ombe wa Masisi. Kwenye mteremko unapiga goti moja nyuma ya ubao, na mzigo unakaa mbele yako, katikati ya mikono. Nikaisukuma mpaka Kibati, watu wote wakishuka mimi ninapanda, wakiniuliza kama nimerogwa. Nikamkuta Mama Asma ameketi juu ya makabichi yake kando ya barabara. Magoti yamekataa.

Sasa elewa taabu yangu. Kwetu, watu wenye asili ya Maniema, mwanaume hamgusi mama mkwe. Hakai naye mkeka mmoja, hali naye sahani moja, akipishana naye mlangoni anatazama chini. Na mzigo wa chukudu unakaa katikati ya mikono. Nilitazama mlima, nikamtazama mama mkwe, nikatazama tena mlima. Nikamwomba ruhusa. Akapanda. Nikamfunga kwa kamba za makabichi, nikasema bismillahi, tukashuka kilomita kumi mpaka Majengo, mjini, moto ukinguruma upande wetu wa kuume.

Jioni yake tulikuwa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, pamoja na mji mzima. Watu wakamuuliza Mama Asma ametokaje kule juu. Mimi nimesimama palepale, viganja vimechubuka, suruali imepasuka gotini. Mama mkwe akanyoosha mtandio wake, akasema, "Nilikuja kwa miguu yangu."

Toka siku hiyo nikawa mwongo. Kila nilipoisimulia, watu walimgeukia yeye, naye alirudia miguu yake. Mwaka wa 2011 akafariki, Mungu amrehemu, akaenda na miguu yake, akaniacha na chukudu yangu.

Haya. Mwaka 2021, mwezi wa kumi na moja, Twahiru, mdogo wake Asumini, ambaye yuko Canada toka kabla ya ule moto, akatuma video kwenye kundi la ukoo. Theluji ya kwanza ya mwaka ilikuwa imeanguka kwao, nyembamba, majani bado yanachungulia. Mwanaume wa miaka hamsini na tano amefunga miguu yote miwili juu ya ubao, kamera ndogo iko juu ya kofia yake, anateleza mlimani. Unasikia anavyohema, unaona weupe unapita mbio, halafu mbingu, halafu theluji puani, halafu kicheko. Watu wakaandika mashallah, shujaa, simba.

Nikaandika kwa adabu tu kwamba ni vizuri, ila yeye anaangukia pamba. Mimi niliteremka Kibati juu ya mawe, tena nimembeba mama yake.

Akajibu kwa sauti, ili hata wasiojua kusoma wasikose. "Shemeji, mimi niko na kamera. Weye uko na nini? Mama mwenyewe alisema alitembea. Cheza na kiboko wako, lakini mama yetu usimfunge kwenye uongo yako."

Vichwa vya kucheka vikamiminika chini ya maneno hayo kama mchele uliopasuka mfuko. Mpaka mutu ambaye harusi yake nilibeba viti vyote bure alicheka. Na kule jikoni nikasikia Asumini naye anacheka.

Wiki mbili baadaye mfanyabiashara mmoja akapitia Kigali, akaniletea kifurushi kutoka kwa Twahiru. Ndani kamera yake ya zamani, ndogo kama kipande cha sabuni, na masharti yake. Nishuke kutoka Kibati mpaka Majengo bila kusimama, na mzigo wenye uzito wa mama, nipige video. Nikiweza, ataniomba radhi mbele ya ukoo wote. Nikishindwa, jina la mama yake lisitoke tena kinywani mwangu.

Nilikuwa na miaka sitini na minane. Hasira ilinifanya nijisikie arobaini.

Nikamwendea Buhendwa, mwenye chukudu imara kuliko zote Mabanga, aliyeichonga mwenyewe. Akanisikiliza, akasema kama ninataka kushuka nishuke wiki hii. Waasi walikuwa wamerudi kwenye vilima vya upande wa Bunagana, na wiki ijayo barabara ingeweza kuwa na mwenyewe mwingine. Tena mwezi wa tano wa mwaka uleule mlima ulikuwa umetapika upya na kukata barabara chini ya Kibati. Katapila zilikwaruza njia juu ya lile jiwe jeusi, likabaki na meno kama chupa iliyovunjika.

Nilikusudia kubeba gunia la viazi. Asumini akakataa.

"Baba Sumaya," akasema, maana Sumaya ni binti yetu wa kwanza, "gunia halifanani na mama. Nitakaa mie."

Nikamwambia ni hatari. Akajibu kwamba ndiyo, hataki kuitwa mjane akiwa jikoni. Nikafikiri anakuja kunichunga. Kumbe.

Kule Kibati ukaja ugomvi wa kamera. Buhendwa alitaka kuifunga kwenye usukani, jicho lake litazame barabara. Nikamkatalia. Nikamuuliza ameendesha gari gani maishani mwake. Nilimfundisha kwamba kioo humtazama shofere, hakitazami barabara, na kwamba mali hufungwa ikikutazama, usije ukaibiwa. Akainua mabega, akaifunga nilivyotaka. Huyu Buhendwa ana heshima, na siku ile ningefurahi kama asingekuwa nayo.

Tukashuka.

Sitatia chumvi hapa, ninyi mnaweza kuitia nyumbani. Mita mia za kwanza chukudu ilitembea kama ng'ombe mzee. Halafu mteremko ukaikamata. Magurudumu yakaanza kupiga kelele, mbuzi wakaruka mtaroni, askari wa kizuizi akainua kamba haraka bila kuuliza karatasi, mwujiza ambao sijauona toka mwaka 1979. Tulipofika kwenye jiwe jipya, ubao ulitetemeka mpaka meno yangu ya bandia yakagongana. Nyuma nilikanyaga kile kipande cha mpira kinachobana gurudumu, breki pekee ya chukudu, mpaka ndara ikatoa moshi. Mbele yangu Asumini ameshika mti wa usukani, kichwa wima. Nilimwona anatingisha kichwa kama mutu anayesema na mutu, lakini sikio langu la kuume lilikufa zamani kwa injini, na la kushoto lilikuwa limejaa upepo. Hatukusimama. Dakika ishirini na mbili, Majengo. Buhendwa alifika na pikipiki nyuma yetu, akanipa mkono kama mutu anayempa mkono askofu.

Nyumbani nikafunga mlango, tukaiweka video kwenye telefone.

Barabara hakuna. Mlima hakuna, lava hakuna, mbuzi hakuna. Kilomita kumi za uso wa Asumini, na juu yake kidevu changu na matundu mawili ya pua. Pembeni, viwiko vyangu, kimoja huku, kimoja kule, vimetanuka kama mabawa ya korongo. Ningeweza kuwa nimekaa sebuleni, nikitikiswa na mutu. Nilimlaani Buhendwa kwa kunitii. Nikamlaani aliyetengeneza kamera isiyojua kugeuka.

"Subiri," nikasema, "hapa unasema nini?"

Asumini akanyoosha mkono achukue telefone. Nikaisogeza kwenye sikio zima, nikarudisha nyuma. Magurudumu yananguruma, na karibu kabisa na kamera, sauti ya mke wangu, taratibu, kama mutu aliye kwenye dua: "Mama, ulinieleza kweli. Anatanua viwiko hivihivi. Hakukugusa."

Nikarudisha tena. Mara tatu.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Toka lini?"

"Toka Gisenyi. Usiku uleule."

Sikumbuki kama nimewahi kukasirika vile. Karibu miaka ishirini ya vicheko, na mwanamke ninayekula naye alikuwa na ushahidi mfukoni. Nilimuuliza kama anajua ni harusi ngapi nimeondoka mapema, ni matanga mangapi nimenyamaza. Alinisubiri nimalize, kama anavyosubiri maji yachemke.

"Aliniapisha," akasema. "Aliniambia, mkwe wangu alitanua mikono njia nzima asiniguse, mpaka mabega yakamtetemeka, mwanaume wa heshima. Lakini nani ataamini hiyo? Watauliza tu nilikuwa ninafanya nini katikati ya mikono ya mkwe wangu. Afadhali wamcheke yule mwongo. Yeye amezoea."

"Amezoea."

"Ni maneno yake, Baba Sumaya. Si yangu."

Nikaishika telefone. Kidole kimoja tu, na Twahiru angeisikia sauti ya dada yake, na ukoo mzima ungekula vile vicheko kimoja kimoja, vikavu, bila maji. Asumini hakunizuia. Alitandika mkeka, akaniambia tu kwamba ninayo haki, na kwamba kiapo ni chake, si changu.

Kama angenikataza, wallahi ningetuma.

Nilikaa muda mrefu na hasira yangu mapajani kama mtoto wa mutu mwingine. Mabega yalikuwa yanauma, palepale yalipouma mwaka ule. Halafu nikaifuta ile video. Nikasafisha koo, nikabonyeza pa sauti, nikasema na ukoo mzima.

Nikawaambia kwamba tulipofika Kibati ilishuka mvua ya mawe ambayo wazee hawajaiona, mpaka goti, barabara nyeupe pe. Kwamba kwenye kona ya kwanza magurudumu yote mawili yaling'oka, yakatangulia mjini peke yake, na sisi tukateleza juu ya ubao mtupu kilomita tisa, mimi nimesimama, Twahiru, nimesimama, si kama weye wa kulala puani. Na kwamba pale Munigi kunguru mmoja wa mlimani, mwenye kola nyeupe kama padri, alishuka akanyakua kamera, na mara ya mwisho kumwona alikuwa anaruka kuelekea kreta akijipiga video.

Vicheko vikaja tena, gunia zima. Twahiru hakuandika kitu kuhusu masharti yake. Alipiga telefone kwa dada yake moja kwa moja, na Asumini akaiweka ile sauti kubwa ili nisikie.

"Dada, nakuomba. Niambie weye, mutu wa kweli. Kuliendaje?"

Asumini akanitazama. Ni mwanamke anayerudisha hata kiberiti alichoazima. Nilifunga macho.

"Mdogo wangu," akasema, "mpaka sasa miguu yangu haijapata joto. Na yule kunguru, shemeji yako hakukwambia vizuri. Walikuwa wawili."